Honi ya Umeme kwa Baisikeli, na Mzee Aliyetufundisha Kuitengeneza

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana baisikeli, na kila baisikeli ina kengele, au ilikuwa nayo siku ile iliponunuliwa. Yangu ilikuwa nayo. Wakati huo nilikuwa nikichukua maziwa kila alfajiri kutoka nyumbani kwetu, upande wa Limuru, mpaka mahali liliposimama lori la maziwa: lita 20 upande huu wa keria na lita 20 upande ule. Yeyote aijuaye nchi ile katika miezi ya Juni na Julai anajua jinsi ukungu unavyolala juu ya mashamba ya majani chai, hata mtu asiweze kuona zaidi ya hatua thelathini mbele yake.

Asubuhi moja nilikuwa nikishuka mteremko nikamwona mzee mmoja katikati ya njia, ana fimbo mkononi na gunia begani, naye amenipa mgongo. Nikapiga kengele mara tatu. Hakugeuka. Nikafinya breki, lakini baisikeli yenye mzigo wa kilo 40 katika matope haisimami kwa sababu tu mwenyewe anataka isimame. Tulianguka sote wawili, na maziwa yakatiririka mpaka mtaroni. Nilipomwinua nilimwuliza, kwa hasira kidogo, nakiri, "Mzee, hukusikia kengele?"

Akanitazama. "Kengele gani, mwanangu?"

Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevunjika. Kwa miezi mitatu hakushika jembe, na viazi vyake vilichimbwa na watu wengine. Mimi nililipa gharama za hospitali, na watu wa kijiji walisema, kwa haki, kwamba kosa lilikuwa langu kwa kuwa nilikwenda mbio penye ukungu. Hayo nayakubali. Lakini lile swali lake halikuniacha. Mzee yule hakuwa kiziwi. Alizungumza nami vizuri sana, na hata mwito wa mtu aliye ng'ambo ya bonde aliuitikia. Basi ilikuwaje asisikie kengele iliyolia hatua chache nyuma yake?

Nikaenda kwa fundi mmoja wa redio sokoni, rafiki yangu tangu shule, tukakubaliana kutengeneza honi ya umeme. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kutoa koleo, bali kalamu. Baisikeli iendayo kilomita 20 kwa saa hukata mita tano na nusu kila sekunde. Mtu asikiapo sauti nyuma yake huhitaji kama sekunde moja kufahamu ni nini, na sekunde nyingine kupiga hatua pembeni. Hizo ni mita 11 tayari, kabla ya kuhesabu mtu anayesitasita, au anayeruka upande usiofaa na kurudi tena. Fundi akaandika: mita 30. Honi isiyosikika wazi umbali wa mita 30 haitatufaa kitu. Na sauti si kama maji ya mfereji yanayofika yote yaendako. Hutawanyika pande zote, hata kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu yake hubaki robo tu. Kengele iliayo kwa ukali sikioni mwa mwendeshaji imekwisha kudhoofika sana ifikapo kwa mtu aliye mbele.

Honi yetu ya kwanza ilikuwa ya bei ndogo. Fundi alikuwa na kile kidude cheusi cha mviringo kinacholia ndani ya saa za kuamshia na katika ving'ora vya milango. Ndani yake mna kipande chembamba cha kigae cha namna ya pekee, kilichogandishwa juu ya sahani ya shaba. Kikipitishiwa umeme hujikunja na kujikunjua, na sahani hutetema. Asili ya maarifa hayo ni ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, ambao katika mwaka 1880 waligundua kwamba mawe fulani yakigandamizwa hutoa umeme. Uzuri wa kidude hiki ni kwamba hakili umeme karibu hata kidogo. Mawe ya tochi ya kawaida hukitosha kwa miezi mingi. Tulikifunga kwenye usukani, tukabonyeza, na watoto waliokuwa wakicheza mwisho wa soko wakaziba masikio. Tulifurahi sana. Nilidhani kazi imekwisha.

Jumapili yake nikampelekea yule mzee sukari, nikiwa na baisikeli, ili nimwonyeshe kwamba yaliyompata hayatampata mwingine. Alikuwa amekaa juani, mguu umenyoshwa juu ya kigoda. Nikasimama hatua kama ishirini mbele ya nyumba, nikabonyeza. Mjukuu wake akaruka. Mzee akaendelea kunitazama kwa upole. Nikabonyeza tena, kwa muda mrefu. Akasema, "Haya, mwanangu, nakungoja. Anza."

Nimeeleza habari hii kwa watu wengi, na wote hucheka. Mimi sikucheka siku ile.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Sauti ni mtetemo, na wataalamu huipima kwa hesabu ya mitetemo katika sekunde moja. Mlio wa kidude chetu ulikuwa wa mitetemo kama 3,000 na zaidi. Sikio la kijana husikia sauti nyembamba za namna hiyo kuliko zote, ndiyo maana watoto waliumia. Lakini ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea sauti, na zile zinazopokea sauti nyembamba ndizo zinazoanza kufa mtu anapozeeka. Zikifa hazioti tena. Kwa hiyo mzee huweza kusikia vizuri ngoma, ng'ombe, na mwanaume anayesema, asisikie kabisa panzi, wala kidude chetu. Kengele ya baisikeli nayo ina mlio mwembamba. Tumekuwa tukiwapigia wazee wetu kengele ambazo wengine wao hawazisikii, kisha tukawaita wakaidi.

Hapa yafaa nimtaje Mmarekani mmoja, Miller Reese Hutchison, kwa kuwa masikio na honi vilikutana katika maisha yake kwa namna ya ajabu. Mtu huyu kwanza alijulikana kwa kutengeneza chombo cha umeme cha kuwasaidia wasiosikia vizuri. Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa mmoja wa waliokitumia. Baadaye, karibu mwaka 1908, Hutchison huyohuyo akatoa honi ya motokaa iitwayo Klaxon, iliyotengenezwa katika mji wa Newark, New Jersey. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo iliyozungusha gurudumu la meno, na meno hayo yaligonga kifundo kilichokuwa katikati ya sahani ya chuma. Sauti yake ilikuwa kama ya mnyama aliyekanyagwa. Watu walifanya mzaha kwamba aliitengeneza honi ili awaharibu watu masikio, apate kuwauzia kile chombo cha kwanza.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, baisikeli za vijana nyingine ziliuzwa zikiwa na kasha la bati chini ya mlingoti, mfano wa tangi la pikipiki, na ndani yake honi ya umeme na mawe ya tochi. Kwa hiyo sisi hatukuwa wa kwanza. Lakini honi zile zilikuwa za kuwapendeza vijana. Yetu ilitakiwa kumfikia mtu mmoja aliyekaa juani na mguu wake juu ya kigoda.

Fundi akasema, basi, tunahitaji sauti nzito zaidi, mitetemo kama 400 kwa sekunde, na kwa hiyo tunahitaji honi ya sumaku kama ya motokaa au pikipiki. Utaratibu wake unapendeza. Ndani mna waya iliyozungushwa mara nyingi juu ya kipande cha chuma. Umeme ukipita, chuma kile huwa sumaku, nacho huvuta kiwambo cha bati la chuma kilichofungwa kando kando kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kikivutwa husukuma platini, zikaachana, umeme ukakatika. Sumaku hufa, kiwambo hurudi kwa nguvu ya unyumbufu wake, platini hugusana tena, na mambo huanza upya. Hayo yote hutendeka mamia ya mara katika sekunde moja, na hiyo ndiyo sauti. Juu ya kiwambo huwekwa sahani ya pili, ndogo, ambayo hutoa mlio mwembamba pamoja na ule mzito. Hivyo kijana na mzee kila mmoja hupata fungu lake.

Taabu ni umeme wenyewe. Honi ya motokaa hula kama ampea 4 kwa volti 12, yaani wati 48. Mwendeshaji wa kawaida hutoa kwa miguu yake kama wati 75 hadi 100 akienda mwendo wa kudumu. Honi ile ingekula nusu ya nguvu zake. Dainamo ya taa hutoa wati 3 tu, tena ukisimama hunyamaza, na mahali unapohitaji honi zaidi ni pale unapokwenda polepole katikati ya watu. Mawe makubwa ya tochi, manane kwa volti 12, yangezidi kilo moja, nayo hulegea upesi yakitakiwa kutoa umeme mwingi kwa ghafula.

Tulichagua honi ndogo ya pikipiki iliyoharibika. Fundi aliipima: ampea moja na nusu kwa volti 12, yaani wati 18. Kwa umeme tulitumia seli tatu za lithiamu zilizotolewa katika betri kuukuu ya kompyuta ya mpakato, kila moja volti 3.7, zikifuatana. Seli kama hizo, zikiwa nzima na zenye ampea 2 kwa saa, zingeiliza honi ile mfululizo kwa zaidi ya saa moja. Lakini nani alizaye honi saa nzima? Ukibonyeza kwa nusu sekunde, ni mara zaidi ya 8,000. Seli zetu zilikuwa zimechoka, tukahesabu nusu yake, na bado zilitosha.

Nitasema kwa mkazo jambo moja juu ya seli hizi, kwa sababu nimeona vijana wakizichezea. Ncha zake mbili zikigusana kwa waya, huchemka na kuwaka moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Hapana budi kuwe na fyuzi karibu kabisa na betri, na kile kibao kidogo cha kulinda seli zisijazwe kupita kiasi wala kukaushwa, na kasha lisilopenya maji. Asiyeweza kupata vitu hivyo atumie betri ndogo ya pikipiki, ingawa ni nzito.

Kufunga honi nako kuna siri yake. Mara ya kwanza tuliikaza moja kwa moja kwenye mlingoti wa baisikeli, ikatoa sauti kama mtu aliyefunikwa blanketi. Fremu nzima ilikuwa ikitetema badala ya kiwambo. Honi yapasa kuning'inia juu ya kipande chembamba cha chuma kinachonepa, ukingo wake usiguse kitu chochote, na uso wake uinamishwe kidogo ili mvua isitue ndani. Nyuma yake mna skrubu ndogo ya kusogeza platini. Igeuze robo mzunguko tu kwa mara moja, ukisikiliza, kwa maana ukizidisha kidogo hunyamaza kabisa. Kitufe kiwe mahali kidole gumba kinapofika bila mkono kuachia breki.

Tukarudi kwa mzee. Safari hii nilisimama nje ya lango lake, mahali nilipopima mbele kuwa mita 35, mgongo wake ukiwa kwangu. Nikabonyeza mara moja, kwa kifupi. Aligeuka pale pale, akainua fimbo yake. "Hiyo naisikia," akasema. "Sasa ungekuwa nayo siku ile!"

Njiani kurudi nyumbani nilijiona mtu mkubwa, nikambonyezea mama mmoja aliyejitwika mtungi wa maji, nikiwa karibu naye mno. Alidhani ni pikipiki, akaruka mtaroni, na maji yote yakammwagikia. Aliyoniambia hayafai kuandikwa gazetini. Tangu siku hiyo nimeirudisha kengele yangu ya zamani upande wa kushoto wa usukani: kengele kwa aliye karibu, honi kwa aliye mbali na kwa madereva wa malori. Na nipigapo kengele nyuma ya mtu mwenye mvi, asipogeuka, sipigi mara ya pili. Nashuka.

Honi imekwisha kupita misimu miwili ya mvua ndefu. Kitufe ndicho kilichoharibika kwanza, kwa kutu. Nimekifunika kwa kipande cha tyubu kuukuu, na mpaka sasa kinashika.