Uwezo, Utendaji na Mzunguko: Istilahi za Kulinganisha Magari ya Mbio

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri, zilizo ngumu zaidi si zile ngeni, bali ni zile ambazo kila mtu anadhani anazijua. Hakuna asiyejua maana ya "kasi", wala "nguvu", wala "mzunguko". Lakini maneno haya yakiingia katika taarifa ya kitaalamu bila ya kufafanuliwa, huweza kumpa msomaji habari isiyo kweli, hata kama kila neno limetafsiriwa sawasawa. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni ulinganishaji wa magari ya mbio.

Nchini Ujerumani, katika vilima vya Eifel, iko njia ya mashindano iitwayo Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927. Sehemu yake ya kaskazini, Nordschleife, ina kona zaidi ya 70, na waundaji wa magari wameifanya kuwa mizani yao: gari hupitishwa humo, muda hupimwa, na matokeo hutangazwa. Mwezi Novemba 2020 gari aina ya Mercedes-AMG GT Black Series lilitumia dakika 6 na sekunde 43.616. Mwezi Juni 2021 gari aina ya Porsche 911 GT2 RS, lililofungwa vifaa maalumu vya Manthey, lilitumia dakika 6 na sekunde 43.300. Mfasiri akiandika kwamba kila gari lilimaliza "mzunguko mmoja" kwa muda huo, msomaji atahitimisha kwamba yalipishana kwa theluthi moja tu ya sekunde, yaani kufumba na kufumbua.

Hitimisho hilo si sahihi. Muda wa kwanza ni wa kilomita 20.6, na wa pili ni wa kilomita 20.832. Zamani upimaji uliacha kipande kifupi cha njia karibu na mahali pa kuanzia. Mwaka 2019 wasimamizi waliweka utaratibu wa kupima urefu wote. Waundaji wengine waliendelea kutangaza nyakati zote mbili. Kwa urefu wote wa kilomita 20.832, gari lile la Mercedes lilitumia dakika 6 na sekunde 48.047. Basi tofauti ya kweli baina ya magari hayo ni sekunde 4.747, na katika mashindano ya aina hii hiyo ni tofauti kubwa.

Kosa liko wapi? Liko katika neno "mzunguko". Kitu kilichozunguka hurudi kilipoanzia. Kipimo cha kilomita 20.6 hakirudi pale pale. Huishia kabla ya kufika mahali kilipoanzia. Kwa hiyo tunapendekeza "mzunguko kamili" kwa kilomita 20.832, na "kipimo kifupi" kwa kilomita 20.6. Aidha, muda usiandikwe kamwe bila ya urefu wake.

Jambo la pili ni kutofautisha "uwezo" na "utendaji". Aghalabu maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Yafaa "uwezo" liwe ni kile ambacho chombo kimeundwa kuweza kukifanya, na "utendaji" liwe ni kile kilichoonekana na kupimwa kazini. Injini ya Mercedes hiyo ina nguvu ya kilowati 537, na ya Porsche kilowati 515. Kwa uwezo wa injini Mercedes imetangulia. Kwa utendaji njiani imeachwa nyuma. Zaidi ya hayo, mwaka 2017 Porsche 911 GT2 RS, kabla ya kufungwa vifaa vile, lilitumia dakika 6 na sekunde 47.3 kwa kipimo kifupi. Mwaka 2021 lilitumia dakika 6 na sekunde 38.835 kwa kipimo hicho hicho, na nguvu ya injini haikuongezwa. Kilichobadilika ni mabawa, springi na tairi.

Hapa ndipo tunapohitaji istilahi nyingine. "Kasi" ni umbali unaokwenda kwa muda fulani. "Mchapuko", neno litokanalo na kitenzi "chapuka", ni kiasi cha kuongezeka kwa kasi hiyo. Gari lenye kasi kubwa kabisa si lazima liwe na mchapuko mkubwa. Kani inayoligandamiza gari chini kwa sababu ya upepo upitao juu ya mabawa yake twapendekeza iitwe "kani gandamizi". Uwezo wa tairi kuishika barabara bila ya kuteleza uitwe "mshiko". Tunafahamu kwamba vijana wa mjini hulitumia neno hilo kwa maana ya fedha. Lakini muktadha utawatenganisha, kama unavyotenganisha kaa la moto na kaa wa pwani.

Mwisho ni vipimo. "Nguvu farasi" ya Ulaya ni wati 735.5, na ya Kiingereza ni wati 745.7. Ndiyo sababu injini ile ile ya kilowati 537 huandikwa 730 mahali pamoja na 720 mahali pengine. Mfasiri asiyelijua hilo atadhani kuna injini mbili. Kilowati ndiyo itumike, na nguvu farasi ikibidi, itajwe ni ya wapi.

Huenda mtu akauliza, magari ya mbio ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu makosa haya hayaishii njiani Nürburgring. Ofisa anayesoma zabuni ya pampu za maji au matrekta hukuta maneno yale yale: uwezo uliotangazwa, utendaji uliopimwa, na kipimo ambacho hakikutajwa. Akiyachanganya, fedha za umma hununua tarakimu badala ya kazi. Mwalimu naye akiyachanganya, wanafunzi watadhani kwamba upungufu ni wa lugha, kumbe ni wa mwandishi. Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa mafundi na walimu wa fizikia, wanaombwa wayalete yajadiliwe.