Kabla ya safari ya Matungu, hesabu mikanda wala si viti

Kila Desemba barabara ya kutoka Nairobi kupitia Nakuru hujaa magari ya familia zinazoelekea magharibi mwa Kenya. Mengi ni yale ya safu tatu za viti, kama vile Toyota Noah, Voxy na Sienta, ambayo yalitumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Safari ya hadi Matungu, katika Kaunti ya Kakamega, ni ya kilomita karibu 400, na mara nyingi huanza alfajiri kwa zogo la kugawana viti. Nyanya hupewa kiti cha mbele kwa heshima. Mama huketi safu ya kati akiwa amempakata kitindamimba. Wakubwa hunyakua madirisha, nao wale wa katikati, wasio na wa kuwatetea, husukumwa nyuma kabisa pamoja na mabegi.

Mpango huu hufuata umri na heshima, na kwa mambo mengi ya nyumbani hauna kasoro. Lakini kwa usalama wa mtoto ni mpango uliopinduliwa. Anayehitaji kiti bora garini ni yule mdogo kuliko wote, na ubora wa kiti hujulikana kwa kuangalia mkanda wake.

Kina mama wengi huamini kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto kuliko mapajani mwao. Hebu tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, abiria ambaye hakufunga mkanda huendelea mbele kwa kasi ile ile. Pigo analolipata ni sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani orofa ya tatu. Kwa kasi ya kilomita 80, kimo hicho hufika mita 25. Mtoto wa kilo 10, katika ile sehemu ndogo ya sekunde ambapo gari linasimama, huivuta mikono ya mama yake kana kwamba ana kilo 250 au zaidi. Hakuna mikono inayoweza kuzuia uzito huo, hata iwe ya mkulima wa miwa. Wapo wanaomfunga mtoto pamoja na mama kwa mkanda mmoja wakidhani wamepata suluhisho. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa mwili wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Wakenya walizoeshwa kufunga mikanda na kanuni za uchukuzi za John Michuki, aliyekuwa waziri, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Hata hivyo, kanuni hizo hazikuweka masharti ya kiti cha mtoto kulingana na umri wala kimo, na katika matatu mtoto wa kupakatwa halipi nauli, basi watu wakachukulia kwamba hana haja ya mahali pake. Nchini Uingereza mtoto lazima awe katika kiti chake maalumu hadi atimize miaka 12 au kimo cha sentimita 135. Japani iliwalazimu wazazi kutumia viti hivyo kwa watoto wa chini ya miaka sita tangu Aprili 2000. Maana yake ni kwamba huenda gari lako, kabla ya kufika Kenya, lilibeba mtoto aliyefungwa barabara katika kiti chake.

Ni kwa nini mtoto mchanga awekwe akitazama nyuma? Kichwa chake ni kizito mno kikilinganishwa na mwili, kwani huwa karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likisimama ghafla akiwa anatazama mbele, mabega huzuiwa na mishipi lakini kichwa hurushwa, na uti wa mgongo unaweza kuvutika ukaharibika. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo huegemea kiti kwa pamoja, na pigo hutawanyika. Wazo hili lilianzishwa miaka ya 1960 na Bertil Aldman wa Sweden, aliyeona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ndani ya chombo chao wakati wa kurushwa. Mpaka leo wazazi wengi wa Sweden huwaacha watoto wakitazama nyuma hadi karibu miaka minne. Kiwango kipya cha Umoja wa Mataifa, R129, kinataka iwe angalau hadi miezi 15. Kwa hivyo usiwe na haraka ya kumgeuza eti kwa sababu miguu yake imekunjika. Mguu uliokunjika gotini haumuumizi.

Kiti hicho cha kutazama nyuma kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka kutoka kwenye dashibodi. Mfuko huo hutoka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, na katika miaka ya 1990 uliwaua watoto kadhaa nchini Marekani katika ajali ambazo watu wazima walitoka wakitembea. Tangu hapo ushauri umekuwa kwamba watoto wa chini ya miaka 13 wakae nyuma. Nyanya basi aendelee kukaa mbele, mradi afunge mkanda na kiti kisukumwe nyuma kidogo kutoka kwenye dashibodi.

Sasa chukua dakika 10, jioni ya kabla ya safari, ukague gari. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, uufunge, kisha uuvute kwa nguvu. Utagundua kwamba mikanda si ya aina moja. Ya pembeni kwa kawaida hupita begani na nyongani. Ile ya katikati, hasa katika magari ya zamani, huwa ya nyonga pekee. Mingine itakuwa imezama chini ya kiti, na mingine ilikatwa na mwenye gari wa kwanza. Kiti kisicho na mkanda unaofanya kazi si kiti cha mtoto, hata kama sponji yake ni nzuri kupindukia. Wala ubao wa sambaza, ule wa kwenye matatu, usiingie katika gari lako.

Tofauti ya mikanda ndiyo inayotatua fumbo la nani akae wapi. Kiti cha mtoto chenye mishipi yake mwenyewe chaweza, kwa aina kadhaa, kufungwa kwa mkanda wa nyonga pekee. Soma maelezo yaliyobandikwa ubavuni mwake. Lakini mtoto mkubwa anayekalia kikalio cha kumwinua anahitaji mkanda wa begani. Kwa hiyo usimpe mtoto wa miaka mitatu mkanda mzuri wa pembeni, kisha ukamweka wa miaka sita katikati. Wabadilishe.

Tuchukue familia yenye Noah ya watu wanane: baba, mama, nyanya na watoto wa miezi minane, miaka mitatu, sita na kumi. Mlango wa kusukuma uko kushoto. Wengi wangefunga kiti cha mchanga karibu na mlango huo ili wasihangaike. Lakini katika magari mengi kiti hicho cha karibu na mlango ndicho kinachokunjwa ili watu wapite kwenda safu ya nyuma. Ukifunga kiti cha mtoto hapo, waliokaa nyuma hawana njia ya kutoka upesi gari likishika moto au likiingia mtaroni. Afadhali mchanga awe nyuma ya dereva, akitazama nyuma. Wa miaka mitatu awe katikati ndani ya kiti chenye mishipi. Na mama akae kushoto, penye mlango. Yeye anaweza kushuka, akakunja kiti, wakapita wengine. Wa miaka sita na wa kumi waende safu ya tatu, kila mmoja pembeni, penye mkanda wa begani. Gari likiwa na milango ya kusukuma pande zote mbili, mambo huwa rahisi zaidi, na mchanga aweza kuhamia kushoto, upande wa mbali na magari yanayopita.

Baadhi ya Noah za zamani zina viti vya kati vinavyogeuzwa ili abiria watazamane. Watoto hupenda sana. Geuza mkiwa mmeegesha mkila mahindi ya kuchoma, kisha uvirudishe vitazame mbele mpaka usikie vimenasa kabla ya kuondoka.

Kuhusu kikalio, kazi yake ni kumwinua mtoto ili mkanda upite penyewe: ule wa juu katikati ya bega, juu ya mtulinga, na ule wa chini juu ya mifupa ya nyonga. Bila kikalio, mkanda humkata shingoni naye huuweka nyuma ya mgongo au chini ya kwapa, na ule wa chini hupanda tumboni penye matumbo na wengu. Mto wa kitanda si badala yake. Mto hubonyea, na mtoto huteleza chini ya mkanda. Hata blanketi lililokunjwa lina hila hiyo hiyo.

Viti vya watoto vya mitumba vinapatikana mijini, na sioni sababu ya kumkataza mzazi kununua, lakini angalia mambo haya. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara pamoja na R44/04 au R129. Pinda plastiki uone kama ina nyufa, na kagua kama mishipi imechanika. Kama muuzaji hawezi kukueleza kiti kilitoka wapi, kiache, kwa maana kiti kilichokuwa katika ajali kubwa huenda kimevunjika mahali pasipoonekana. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mitumba yenye zaidi ya miaka minane, hivyo mengi yaliyokuja karibuni yana vyuma vya ISOFIX, vilivyofichwa kati ya kiti na kiegemeo, ambavyo Japani iliviagiza kwa magari mapya kuanzia 2012. Pitisha vidole utavigusa.

Ukifika Timboroa au Burnt Forest kutakuwa na baridi kali, na mama atataka kumvika mtoto koti nene. Koti hilo huacha pengo chini ya mishipi, na katika mgongano mtoto huchomoka. Mfunge kwa nguo za kawaida, kaza mpaka usiweze kuufinya mshipi begani kwa vidole viwili, ndipo umfunike blanketi juu yake. Simama kila baada ya saa mbili hivi umtoe mchanga anyooke, kwani akikaa amejikunja muda mrefu kidevu huangukia kifua na pumzi huwa ngumu. Akilia au akitapika, simama kando kwanza. Usimfungue gari likiwa mwendoni.

Kuna uzembe wa mwisho unaotokea mkishafika. Mikanda iliyovumilia kilomita 400 hufunguliwa kwa safari ya kwenda sokoni Koyonzo au kanisani, eti ni hapa tu, na watoto 11 wa ukoo huingia gari la watu wanane. Barabara hizi zina trela za miwa zinazovutwa na trekta, nyingine bila taa wala vibati vya kung'aa, na jioni huzioni mpaka uwe karibu nazo. Ile hesabu ya orofa ya tatu ilikuwa ya kilomita 50 tu kwa saa. Wagawe watoto, mwende mara mbili.

Siku ya kurudi, mkungu wa ndizi, gunia la mahindi na kuku wa nyanya hudai nafasi. Vizito viwekwe sakafuni, vikiegemea mgongo wa kiti, na vifungwe kwa kamba. Gunia la kilo 20 lililorushwa laweza kumgonga mtoto wa safu ya tatu kwa uzito wa nusu tani. Kitu chochote kisizidi kimo cha kiti. Shamba likitoa mengi, yatumwe kwa basi.

Ikitokea ajali, hata ndogo, mtazame kila mtoto tumboni. Mkanda ukiacha alama nyekundu au mchubuko tumboni, mpeleke hospitali ya Matungu, Mumias au Kakamega siku hiyo hiyo, ingawa anacheza. Utumbo uliopasuka waweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuleta maumivu makali, homa na kutapika. Mwambie daktari alikuwa amekaa wapi, mkanda ulikuwa wa aina gani, na kwamba umeiona alama hiyo. Usimpe chakula mpaka apimwe.