Kuinama mara nne, si zaidi

Myahudi anayesali Mbale, mashariki mwa Uganda, hugeuza uso kaskazini, kwa sababu huko ndiko iliko Jerusalemu. Karibu na mji huo ndiyo makao ya Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kama Wayahudi wengine duniani, nao wana sala kuu iitwayo Amida, inayosaliwa kwa kusimama, miguu ikiwa pamoja, mara tatu kwa siku.

Ndani ya sala hiyo yenye baraka 19, mtu huinama mara nne tu: mwanzo na mwisho wa baraka ya kwanza, kisha mwanzo na mwisho wa baraka ya shukrani. Huinama mpaka pingili za uti wa mgongo zijitokeze, na hunyooka anapofika kulitaja Jina la Mungu.

Je, anayetaka kuinama katika kila baraka, kwa kuwa moyo wake umejaa? Talmudi inajibu kwamba afundishwe kuacha. Wafafanuzi walitoa sababu mbili: utaratibu uliowekwa kwa wote usivurugwe, na mtu asijionyeshe kuwa mcha Mungu kuliko wenzake.

Wapo waliopewa hukumu tofauti. Kuhani mkuu aliinama katika kila baraka. Mfalme, akishainama, hakuinuka mpaka amalize sala. Kadiri cheo kilivyopanda, ndivyo mgongo ulivyotakiwa kushuka.

Msomaji Mwislamu atauliza: na kusujudu je? Wayahudi wengi leo hufika chini siku chache tu kwa mwaka, hasa Yom Kipuri, siku ya toba. Lakini jirani zetu wa Ethiopia wana sikukuu ya Wayahudi iitwayo Sigd, jina lenye mzizi mmoja na neno letu sijda. Israeli iliifanya sikukuu ya taifa mwaka 2008. Huko Misri, katika karne ya 13, Rabi Abraham, mwana wa Maimonides, alitaka kusujudu kurudi katika sala za kila siku. Wapinzani wake walidai anaiga Waislamu. Yeye akasema anarudisha desturi ya wazee wake.

Baba yake, mwanasheria na tabibu aliyefariki mwaka 1204, alikuwa amekwisha kulijibu swali linalowagusa wengi zaidi: asiyeweza kuinama, sala yake inafaa? Maimonides aliorodhesha mambo manane ya kuzingatiwa katika sala, yakiwemo kusimama, kuelekea Jerusalemu, kuinama na kusujudu. Kisha akaamua kwamba mtu akishindwa kuyatimiza, sala haibatiliki. Lakini kati ya mambo ambayo yakikosekana sala huharibika, alilitaja hili: moyo kuwapo.

Kwa hiyo kijana mwenye afya hana ruhusa ya kuinama nusunusu kwa uvivu, wala ya kuongeza ili aonekane. Na mzee mwenye maumivu ya kiuno, anayetikisa kichwa tu huku akijitahidi, Talmudi inasema hahitaji zaidi ya hapo. Ametimiza wajibu wake sawa na aliyeinama mpaka pingili zikajitokeza.