Matumbawe: Mmea au Mnyama?

Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mkoani Iringa, mwanachuo aliandika ubaoni: "Mnyama hutembea, mmea hautembei." Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Na matumbawe je, Mwalimu?" Mjomba wake, aliyetoka Tanga, alikuwa amemsimulia habari zake. Mwanachuo akamwamuru akae, kwani hayo hayamo katika somo. Nami niliyeketi nyuma nikaandika kuwa nidhamu ya darasa ni nzuri. Sote wawili tulikosea.

Matumbawe mengi yana matawi kama mti, yameshikamana na mwamba, wala hayahami. Hata hivyo ni wanyama. Tawi moja hubeba wanyama wadogo wengi, kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na minyiri yenye sumu, inayonasa vijidudu vielevyo majini. Wanyama hao hujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wao. Mwaka 1998, bahari yetu ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yalivipoteza viumbe hivyo, yakapauka na kufa.

Swali la mtoto yule halikuwa la kijinga. Katika miaka ya 1720, Mfaransa Jean-André Peyssonnel alipoeleza kuwa matumbawe ni wanyama, wataalamu wa siku zile walimkatalia.

Mbeya na Iringa ziko mbali na bahari, lakini udongo wa mfinyanzi haukosekani. Yafaa basi somo liende hivi:

Kwanza, wanafunzi wafinyange tumbawe juu ya jiwe, waoneshe mdomo na minyiri.

Pili, waulizwe: kiumbe hiki hupataje chakula? Swali hili lina uzito kuliko lile la kutembea.

Tatu, kila kundi libuni mnyama afananaye na mmea, aishiye katika miteremko ya Mlima Rungwe. Waeleze anakula nini, anazaaje, na anajikingaje. Asiyeweza kujibu amechora umbo tu, hajabuni kiumbe.

Na mtoto akiuliza usilolijua, liandike swali lake ubaoni, ahidi kulitafutia jibu, kisha utimize ahadi hiyo.