Kichocho: Mama na Mtoto Wajikinge Pamoja

Je, mama mwenye kichocho humwambukiza mtoto aliye tumboni? Swali hili linawahangaisha akina mama wengi. Kwa kawaida jibu ni hapana. Kaswende na virusi vya UKIMWI huweza kupita kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto wake, lakini kichocho hakipiti kwa njia hiyo. Hata hivyo, mtoto mdogo anaweza kukipata mapema sana akiwa mikononi mwa mama yake, siku anapoogeshwa.

Kinapatikana wapi?

Bujumbura iko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na kaskazini yake kuna bonde la Mto Rusizi, lenye mashamba ya mpunga na mifereji. Kichocho cha tumbo kinajulikana huko kwa miaka mingi, na mwaka 2007 Burundi ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kichocho na minyoo mingine.

Wakazi wengi wa kambi wametoka Uvira na bonde hilo, na maelfu walivuka Rusizi mwezi Februari 2025. Mtu aliyeambukizwa huhama na ugonjwa wake. Minyoo ya kichocho huweza kuishi mwilini miaka 3 hadi 10, hata kama mtu anaishi mbali na ziwa.

Mtoto hukipata vipi?

Mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini. Vijidudu vinavyotoka kwenye mayai hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Mtoto si lazima aogelee. Uchunguzi uliofanywa kando ya maziwa ya Uganda ulikuta watoto wachanga wenye kichocho, ambao mama zao waliwaogesha kwa maji ya ziwa kwenye beseni.

Dalili ni kuumwa tumbo, kuhara, na damu katika choo kikubwa. Baadaye ini na wengu huvimba. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa muda mrefu.

Mjamzito anaweza kumeza dawa?

Zamani wajawazito walinyimwa dawa ya praziquantel kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri wapewe. Ushauri wa sasa, wa mwaka 2022, ni kwamba mjamzito apewe baada ya miezi mitatu ya kwanza, na mama anayenyonyesha pia apewe.

Huko Entebbe, Uganda, wajawazito wapatao 2,500 walifuatiliwa kuanzia mwaka 2003. Dawa za minyoo hazikuongeza vifo vya watoto wachanga wala kasoro za kuzaliwa. Pia hazikuongeza uzito wa mtoto anapozaliwa, kwa hiyo mama asiache vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Waliokuwa na safura nyingi ndio walionufaika zaidi na dawa ya albendazole, kwa sababu safura hunyonya damu.

Kwa watoto wadogo kuna habari njema. Dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kuanzia umri wa miezi 3 ilithibitishwa na WHO mwaka 2024. Uliza kituo cha afya kama imefika.

Tufanye nini?

- Ogesha mtoto kwa maji ya bomba au ya kisima salama.
- Kama ni maji ya ziwa, mto au mfereji, yachemshe kisha yapoe, au yaweke katika chombo safi chenye kifuniko kwa siku mbili kamili. Vijidudu hufa. Maji ya kunywa lazima yachemshwe.
- Kila mtu atumie choo, watoto pia.
- Mjamzito, mwambie muuguzi kama uliishi kando ya ziwa au mto. Usinunue dawa sokoni.
- Baba, chota maji mapema yatulie siku mbili. Kazi hii si ya mama peke yake.

Ukipona ukarudi kwenye maji yenye konokono, utaugua tena. Dawa hutibu, maji salama na choo ndivyo hukinga.