Nokia N9: uzuri wa simu na umri wa mfumo wake

Tarehe 21 Juni 2011, mjini Singapore, Nokia ilionyesha simu ambayo kampuni yenyewe ilikwisha kuamua kwamba haitapata mdogo wake. Miezi minne kabla, mkurugenzi mkuu Stephen Elop alikuwa ametangaza kwamba simu janja za Nokia zitahamia kwenye Windows Phone ya Microsoft. Simu hiyo mpya, N9, ilitumia MeeGo, mfumo endeshi wa jamii ya Linux ambao Nokia na Intel walikuwa wameutangaza pamoja mwaka 2010. Haukupita muda Elop akaliambia gazeti la Helsingin Sanomat la Finland kwamba hata N9 ikiuzika vizuri, hakuna kurudi MeeGo.

Sijui simu nyingine inayomtia mkaguzi majaribuni kama hii. Mwili wake ulichongwa kutoka kipande kimoja cha polikaboneti, plastiki ngumu ambayo rangi yake haikupakwa juu bali imo ndani kwa ndani, kiasi kwamba mkwaruzo wa funguo mfukoni hauachi alama nyeupe. Kioo kimepinda kidogo kama kinataka kumwagika pembeni, na weusi wa skrini ya AMOLED ni weusi hasa, hata usijue skrini inaishia wapi na fremu inaanzia wapi. Mbele hakuna kitufe hata kimoja. Ukitaka kutoka kwenye programu, unatelezesha kidole kutoka ukingoni kuingia ndani, basi. Ukiigonga mara mbili inaamka. Ikilala, saa hubaki ikionekana kwa mwanga hafifu. Mengi ya hayo leo tunayaona ya kawaida, lakini iPhone isiyo na kitufe cha mbele ilikuja mwaka 2017.

Wachambuzi wengi wa wakati ule waliisifu, kisha wakasita kuwaambia wasomaji wainunue. Nadhani walikuwa sahihi, ingawa wengi walitoa sababu nyepesi: kwamba duka lake lina programu chache. Uchache wa programu ni jambo unaloliona siku ya kwanza, ukalipigia hesabu pamoja na bei. Shida ya mfumo usio na msaada ni ile inayokuja baadaye, wakati vitu vilivyokuwa vinafanya kazi vinaanza kukataa kimoja kimoja bila simu kuharibika popote.

Tazama sifa iliyopendwa kuliko zote katika N9. Ujumbe wa kawaida wa simu, Skype, Facebook na Google Talk vyote vilikaa katika orodha moja ya mazungumzo, chini ya jina la mtu mmoja. Hukuhitaji kukumbuka rafiki yako yuko kwenye programu ipi. Ni ubunifu ambao hadi leo natamani simu zetu ziwe nao. Lakini kila huduma kati ya hizo ilikuwa mlango wenye mwenyewe. Google iliachana na Talk. Facebook ikafunga njia iliyoziruhusu programu za nje kubeba mazungumzo yake. Skype yenyewe Microsoft iliizima Mei 2025. Mfumo wenye watu wanaolipwa kuutunza hubadilishwa kila mlango unapohamishwa. MeeGo ilipata masasisho machache hadi katikati ya mwaka 2012, halafu kimya. Kuanzia Januari 2014, duka la Nokia likaacha kupokea programu mpya au matoleo mapya ya zile za zamani kwa simu za MeeGo na za Symbian, mfumo wake wa awali.

Tatizo la pili halionekani kabisa, nalo huwashangaza hata mafundi. Kila unapofungua ukurasa salama wa intaneti, simu hulinganisha cheti cha tovuti hiyo na orodha ya vyeti mama iliyowekwa ndani ya mfumo endeshi kiwandani. Vyeti hivyo vina tarehe ya mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichokuwa kikitegemewa na mamilioni ya tovuti kilifika ukomo wake, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa na mtu wa kuvisasisha vikaanza kudai kwamba tovuti za kawaida si salama. Mwaka uliotangulia, vivinjari vikubwa vilikuwa vimeanza kuachana na matoleo ya zamani ya itifaki ya usiri, na tovuti nyingi zikafuata mkondo huo. Simu inaweza kuwa na betri nzima, mtandao mzuri na kioo kisicho na ufa, na bado ukurasa wa benki ukakataa kufunguka. Hapo mwenye simu hupeleka kifaa kwa fundi, fundi akakifuta chote, na tatizo likabaki palepale.

Baada ya hayo mtu angesema: basi nunua simu ya kampuni kubwa yenye ahadi kubwa. Historia ya N9 yenyewe inalikataa jibu hilo. Oktoba 2011 Nokia ilitoa Lumia 800, ikiwa na umbo karibu lilelile la N9, polikaboneti ileile, ila skrini ndogo kidogo na Windows Phone ndani. Huu ndio uliokuwa mfumo rasmi, wenye Microsoft nyuma yake na fedha za matangazo. Juni 2012 Microsoft ikatangaza Windows Phone 8, na wenye Lumia 800 wakaambiwa simu zao hazitaupata mfumo huo. Walipewa toleo la 7.8 kama kifuta machozi. Wale waliochagua njia iliyopendekezwa walikaa nayo kwa miezi minane hivi kabla ya kujikuta jirani wa wenye N9. Familia nzima ya Windows za simu iliishia kufungwa, na WhatsApp ikaacha kufanya kazi humo mwishoni mwa mwaka 2019.

Kwa hiyo mimi sitazami ukubwa wa jina. Natazama ni watu wangapi, nje ya kampuni hiyo, watapata hasara mfumo ukifa. Android haidumu kwa sababu Google ina moyo mwema. Inadumu kwa sababu watengenezaji wa Samsung, Tecno, Xiaomi na wengine, pamoja na mabenki na waandaaji programu wa dunia nzima, wote wameweka mali yao juu yake. Ingawa hapo napo toleo lililo ndani ya simu yako linaweza kuzeeka mapema, hasa kwenye simu za bei ya chini, ambazo tarehe ya sasisho la mwisho la usalama ni jambo ambalo muuzaji halitaji asipoulizwa.

Kisha natazama matumizi. Kupiga simu, kupiga picha, kengele ya asubuhi, muziki uliohifadhiwa humohumo: hayo hayaombi ruhusa kwa seva ya mtu, na N9 iliyo hai bado inayaweza pale mtandao wa 2G au 3G ulipo. Katika nchi kadhaa za Ulaya 3G imekwisha kuzimwa, na N9 haina 4G. Kwetu kuna kitu cha kuangalia zaidi, pesa za simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikaa ndani ya laini yenyewe, ndiyo maana simu ya tochi iliweza kutuma fedha bila kujali chapa. Kwa hiyo ukiletewa simu nzuri ya mfumo usioujua, weka laini yako kabla hujatoa pesa, fungua menyu ya laini, piga namba ya huduma ya nyota na reli, uone kama majibu yanakuja na unaweza kuyajibu. Programu ya benki ni habari nyingine kabisa.

MeeGo haikufa yote. Baadhi ya wafanyakazi waliotoka Nokia walianzisha Jolla nchini Finland, wakatoa simu yao mwaka 2013 na mfumo wa Sailfish, ambao umerithi ule utelezeshaji wa kidole. Leo Sailfish huwekwa kwenye baadhi ya simu za Sony Xperia, nao una tabaka linaloendesha programu za Android. Kwa mtu anayependa kuchokonoa vifaa ni mfumo wa kufurahisha, na unaendelea kusasishwa. Ila tabaka hilo haliji na huduma za Google, na baadhi ya programu za benki zikizikosa hukataa kufunguka. Ijaribu kwanza programu yako mwenyewe katika simu ya mtu aliye nayo tayari.