Kasuku halishwi ugali na karanga tu: kinachomjenga na kinachomuua

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, chakula hakitafutwi mbali. Ndizi, maharage, mahindi, mihogo, parachichi na mboga za majani vinapatikana sokoni, iwe Rulenge, Kabanga au Nyakanazi. Ndiyo maana anayefuga kasuku nyumbani mara nyingi humpa kile kile ambacho familia inakula: kipande cha ugali, karanga kidogo na, msimu ukifika, kipande cha parachichi.

Vyote hutolewa kwa upendo. Lakini parachichi linaweza kumuua ndege huyo ndani ya siku moja au mbili, na ugali na karanga za kila siku humdhoofisha polepole. Katika makala hii tunaeleza kwa nini, na jinsi ya kumlisha vizuri kwa vyakula vya soko hili hili.

Anakula nini porini?

Mkoani Kagera, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anajulikana katika msitu wa Minziro, wilaya ya Missenyi. Porini kasuku hula matunda, mbegu, kokwa, machipukizi na maua, na huruka umbali mrefu kuvitafuta. Chakula chake hubadilika kufuatana na msimu, na mafuta anayokula huyatumia kuruka.

Aliye kwenye kizimba haruki. Akilishwa karanga na alizeti kila siku, mafuta hujazana kwenye ini. Pia vyakula hivyo vina vitamini A kidogo sana na madini ya kalsiamu hayatoshi. Akikosa vitamini A, pua huziba, mdomo hupata madoa meupe na maradhi ya njia ya hewa humwandama. Akikosa kalsiamu, anaweza kutetemeka hadi kupata degedege, na kasuku wa kijivu ndiye anayepatwa zaidi na tatizo hilo. Kasuku anayelishwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Akifa akiwa na miaka kumi, si uzee.

Bakuli la siku liweje?

Tunashauri bakuli ligawanywe hivi. Takriban nusu iwe nafaka na kunde zilizopikwa bila chumvi wala mafuta: mahindi, mtama, mchele, maharage, choroko. Maharage yachemshwe hadi yaive kabisa, kwa sababu maharage makavu yasiyoiva yana sumu.

Sehemu kubwa ya nusu iliyobaki iwe mboga: karoti, boga, viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, majani ya maboga, matembele, mchicha, pilipili hoho. Mboga zenye rangi ya chungwa na zile za kijani kilichokolea ndizo zenye vitamini A. Mchicha usiwe wa kila siku, kwani ukizidi huzuia mwili kuchukua kalsiamu. Badilisha mboga kila baada ya siku mbili au tatu.

Matunda yawe kidogo: papai, embe, ndizi mbivu, pera, nanasi. Pilipili kali nayo anaila bila shida, kwa kuwa ndege hawasikii ukali wake kama sisi. Karanga na alizeti ziwe zawadi, chache tu kwa siku.

Kwa kalsiamu, chemsha ganda la yai, likaushe, lisage na umnyunyizie kidogo kwenye chakula. Mtoe nje apate jua la asubuhi, huku kizimba kikiwa na upande wenye kivuli, kwa sababu mwili wake unahitaji jua ili uitumie kalsiamu hiyo. Maji safi yabadilishwe kila siku, na mabaki ya chakula kibichi yaondolewe baada ya saa chache kabla hayajachacha.

Chakula cha kuku cha dukani kisiwe mbadala. Kimetengenezwa kwa ajili ya kuku, na baadhi yake kina dawa.

Usimpe kabisa

Parachichi ndilo la kwanza. Lina kemikali inayoshambulia moyo wa ndege na kumfanya ashindwe kupumua, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Majani, ganda na kokwa yake pia ni hatari, kwa hiyo hata tawi la mparachichi lisiwekwe kizimbani.

Vingine ni kahawa, chai, chokoleti, pombe ikiwemo rubisi, vitunguu, vyakula vyenye chumvi nyingi, pamoja na mihogo mibichi na kisamvu kibichi.

Karanga au mahindi yenye ukungu nayo yatupwe. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Kama binadamu hufa, ndege mwenye uzito usiofikia kilo moja anahitaji kiasi kidogo sana.

Kubadilisha chakula bila kumtesa

Kasuku aliyezoea karanga anaweza kukataa mboga hadi akonde. Usimnyime chakula ukisubiri ashindwe na njaa. Changanya kipya na cha zamani, ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kile kipya ukile mbele yake, kasuku huiga. Mpime kwenye mzani mdogo kila wiki. Kasuku wa kijivu wa gramu 450 akipungua gramu 45, rudi kwenye chakula alichozoea na umwone daktari wa mifugo.

Ukimwona amejifura manyoya, analala mchana, au mkia unapanda na kushuka anapopumua, usingoje kesho. Ndege huficha ugonjwa hadi azidiwe. Usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia.

Kabla hujanunua

Kasuku ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata au kumfuga kunahitaji kibali. Kimataifa, mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kasuku wa kijivu wa porini kuanzia mwaka 2017, kwa sababu idadi yao imeshuka sana. Kinda anayeuzwa njiani bila karatasi ana uwezekano mkubwa wa kuwa ametolewa kwenye kiota. Uliza kwanza ofisi ya maliasili ya halmashauri yako.

Na kama tayari unaye kasuku nyumbani, anza leo na mambo mawili: ondoa parachichi, na weka kipande cha boga lililochemshwa kwenye bakuli lake.